Haluwa Kutoka Barka

Karatasi ya mashtaka ina kurasa kumi na moja,
na kwenye ya nne imo haluwa:
bakuli la plastiki, kilo mbili, zafarani nyingi,
duka la Barka, kando ya kituo cha petroli.
Chini ya haluwa, mfuko wa nailoni.
Ndani ya mfuko, riali elfu tatu na mia mbili,
noti sitini na nne, zote zinanata.

Mwendesha mashtaka ameandika "zinanata" mara mbili.
Anajua kazi yake.

Mimi najua yangu. Kila Jumatatu natoka Maskati,
Barka, Suweiki, Saham, hadi Suhari,
kwenye chumba cha mahabusu
ambamo kiyoyozi kina maneno kuliko mashahidi
na askari kijana mlangoni hainui macho kwenye simu yake.

Mteja wangu, Mundhir bin Zahir, miaka hamsini na nane,
afisa wa vibali vya viwanja. Alizaliwa Wete,
akaletwa huku wa miaka sita
na viatu vya kaka yake miguuni.

Kwa Kiarabu tunazungumza kesi.
"Ilikuwa zawadi," asema. "Ilikuwa Idi.
Nani huku huifikia haluwa chini siku ya kwanza?"
Naandika. Ni hoja nzuri. Nitaitumia.

Kisha anaegemea meza, anaingia kwenye Kiswahili
kama mtu avuaye viatu mlangoni:
"Mwanangu, nilijua.
Kilo mbili nazijua zinavyokaa mkononi.
Ile ilikuwa nyepesi,
nami nikaipokea kwa mikono miwili."

Kalamu yangu inasimama.
Jaji hana masikio ya sentensi hii.
Karani hana herufi zake.
Mkalimani hakuombwa.

Nyumbani kwetu Al Khuweir mama alikuwa na majina tele:
mlungula, hongo, chauchau,
chai, kitu kidogo,
na mkono mtupu haulambwi, akimalizia, akicheka.
Sheria ina moja tu, rashwa,
neno ambalo sisi tulilichukua zamani,
tukabadilisha irabu moja,
ladha tukaiacha vilevile.

Sitetei haluwa. Natetea tarehe.
Simu yake ilirekodiwa Jumanne;
idhini ya kurekodi ilitiwa saini Alhamisi.
Kati ya siku hizo mbili upo upenyo,
na mteja wangu atapita hapo
au atakwama mabega.

Mkandarasi aliyelileta bakuli amesamehewa,
kwa kuwa aliwahi kusema.
Kibali anacho bado. Ghorofa ya tatu inapanda.
Na Bi Shamsa wa Liwa, mjane,
aliyengoja kibali cha vyumba viwili miaka minne,
huja kila tunapotajwa, hukaa safu ya nyuma,
na mkoba wake magotini, umefungwa.
Hajawahi kuniangalia vibaya.
Ningependa aniangalie vibaya.

Dada yangu huniuliza: "Unalalaje?"
Nalala ubavu wa kulia, kama tulivyofundishwa.
Saa tisa za usiku naamka
nikihesabu Jumanne, Jumatano, Alhamisi.

Jumatatu iliyopita Mundhir alisema tena, kwa sauti zaidi,
kwa Kiswahili kile kile cha Wete:
"Nilipokea, mwanangu. Usinifanye malaika."
Kiyoyozi kikanyamaza ghafla, kama kimeitwa.
Askari akatia simu mfukoni.
"Saa imekwisha, mama," akasema,
kwa Kiswahili, chenye lafudhi ya mbali.
"Bibi yangu ni wa Bujumbura."

Hakuna aliyepumua.
Mundhir aliitazama mikono yake, moja, kisha ya pili.

Kijana akafungua mlango, akanipisha kwa adabu.
"Mimi sikusikia kitu," akasema.

Nikamwambia ahsante, upesi,
kama mtu anayeogopa kitarudishwa.
Nilikuwa nimeshafika Saham
ndipo nikajiuliza nilichopewa pale ni nini,
na nilikipokea kwa mikono mingapi.